Flash yangu ilivyompofusha kapteni wa voliboli kwa mechi yake ya mwisho

Wakuu, heshima zenu. Hii kitu nimeipitia mwenyewe, siongezi chumvi, na pale nilikosea nitasema nilikosea.

Mimi ni mpiga picha hapa Nyeri. Harusi, ruracio ile sherehe ya mahari, graduation, hizo nazifanya hata nikiwa na usingizi. Kwa hivyo nilidhani hakuna kitu ya flash inaweza kunishinda.

Sasa kuna mama anaitwa Wairimu, kapteni wa timu ya voliboli ya wanawake. Goti lake lilikuwa limeharibika, daktari akamwambia aache kucheza. Akanipigia simu.

"Njoo Jumamosi, ni mechi yangu ya mwisho. Miaka yote hii nimecheza, sina hata picha moja nikiwa hewani."

Nikafika. Mnajua Nyeri ya July: saa nane mchana nje ni ukungu, ndani ya ukumbi ni giza kama stoo ya viazi. Balbu zilikuwa nne, mbili zimekufa.

Bila flash, mikono ya wachezaji ilitoka kama moshi. Nikapandisha ISO ili kamera inase mwanga zaidi, picha ikajaa chembechembe kama mchanga. Nikaona wacha nifanye vile mimi hufanya kwa harusi: flash juu ya kamera, full power, nikachuchumaa karibu na net.

Na ndiyo, nilijua mtu huuliza refa kwanza. Sikuuliza.

Wapinzani wakapiga serve. Wairimu akainua macho apokee, mimi nikabonyeza. Mwanga ukamwingia machoni, mpira hakuuona. Ukamgonga pua, akakaa chini, damu ikidondoka kwa jezi.

Refa, mzee mmoja mkali sana, akanijia.

"Wewe mama, umekuja kupiga picha ama kupiga watu? Zima hiyo kitu ama utoke!"

Nikaanza kufunga bag yangu. Aibu, wakuu, ati hata zipu inanishinda. Wairimu alikuwa kwa benchi, pamba kwa pua. Akaniita.

"Unaenda wapi? Nilikuitisha picha, sikukuitisha pole."

Hapo nikapata akili. Seti ilipoisha nikaenda kwa refa na makocha wote wawili, nikaomba msamaha, nikawaeleza vile nataka kufanya. Nilikuwa na flash mbili na trigger ya kuziwasha kutoka mbali. Nikawaambia nitazifunga juu kwa reli ya balcony, kila moja kona yake, ziangalie dari nyeupe. Mwanga ugonge dari kwanza ndio uwashukie watu.

Refa mwenyewe akasimama pale mpokeaji husimama. Nikajaribu mara tatu akiangalia juu.

"Hiyo ni sawa. Lakini mchezaji mmoja akilalamika, umetoka."

Sasa sikieni hii, maana harusi haikuwa imenifundisha. Flash ukiipunguza nguvu inawaka muda mfupi zaidi, na huo ufupi ndio unagandisha mkono na mpira. Nikaweka flash 1/8 ya nguvu yake, shutter 1/200, ISO 3200. Halafu si kupiga tatatata. Unangoja, unapiga moja. Nikaacha kufuata mpira, nikafuata mabega ya Wairimu.

Akarudi seti ya mwisho. Walishindwa, siwezi danganya. Lakini kabla ya hapo mwenzake alimwinulia mpira mzuri, akaruka na hilo goti bovu, nikabonyeza mara moja.

Mechi ilipoisha nikamwonyesha kwa screen. Akasema polepole, "Kumbe nilikuwa nafika juu hivi."

Nilichojifunza: mechi ni ya wachezaji, wewe ni mgeni na taa yako. Omba ruhusa, inua flash juu, punguza nguvu, na usiwahi kuielekeza kwa macho ya mtu anayengoja mpira.

Nyinyi mnaopiga picha za basketball na badminton, flash zenu mnazifunga wapi? Na wale mnasema flash isiingie ukumbini kabisa, karibuni tubishane. Niko tayari.