Nilivyomtafuta Makau Mombasa

Watu huenda Mombasa kuona bahari. Mimi, mwaka 2003, nilienda na wanawake wa kikundi chetu cha Wamunyu ili nimtafute mwanamume, tena nikiwa na viatu vyeupe vya kuazima vilivyoanza kunifinya tukiwa bado Mtito Andei.

Makau alikuwa mchongaji. Alibeba gunia la swala wa mbao akawauze Mombasa, akasema atarudi Ijumaa. Hakusema ya mwaka gani. Aliniachia binti yetu Ndinda wa miezi saba. Sasa Ndinda alikuwa na mchumba, na wazee wa mchumba wangekuja Jumamosi iliyofuata na mbuzi watatu wa ntheo, ambao bila wao kwetu msichana hajaolewa. Walitaka kumkuta baba wa kuwapokea. Nami, kwa mdomo wangu huu, nilikuwa nimewaahidi kwamba atakuwepo.

Fort Jesus tulionyeshwa mizinga. Mwenzetu Munyiva aliipiga makofi ubavuni kama anayekagua ng'ombe mnadani. Mimi nilikagua wanaume, nikamkodolea macho mmoja mpaka mkewe akamvuta mkono.

Tulipotoka tukapita vichochoro vya Mji wa Kale, na katika duka la mzee Msomali, Abdiwahab, nikamwona swala.

"Ni wa Makau huyu!" nikapiga kelele. "Tazameni sikio la kushoto, jembamba kama jani! Ni yeye tu anayelifanya hivi. Mzee, aliyekuletea huyu yuko wapi?"

"Kwake."

"Kwake wapi? Kwa yule mwanamke wanayesema alimnasa huku?"

"Mama, mimi wanawake wake siwajui. Anaitwa Ndambuki. Anatoka Wamunyu."

Kamanthe, mwingine wa kikundi chetu, alianza kucheka kabla sijaelewa. Ndambuki ni jirani yangu, mchongaji pia. Swala wake wote nawapiga msasa mimi, kama nilivyowapiga wa Makau zamani. Na kila asubuhi naanzia sikio la kushoto, nguvu na hasira zikiwa bado mpya.

"Mama Ndinda," Kamanthe akasema, akijifuta machozi, "umekalia basi siku nzima kuja kutafuta mkono wako mwenyewe!"

Abdiwahab alinihurumia, akanipa kigoda. Nikavua viatu. Kwa kuwa sikuwa na heshima nyingine ya kulinda, nikawaambia nililolificha miaka kumi na tisa: Makau hakuwahi kumpelekea baba yangu mbuzi wa ntheo. Nilipowaambia kwamba alipeleka, nilidanganya.

"Hata mmoja?" Munyiva akauliza.

"Hata kwato."

"Basi unamtafutia nini? Kama hakupeleka, wewe hukuolewa. Ndinda ni mtoto wa kwa marehemu baba yako. Mbuzi wake ni wa kupokewa na kaka yako Mulwa. Si mila ndiyo hiyo?"

Mila ndiyo hiyo. Nimewafundisha wasichana wa watu mara ngapi, kidole kikiwa juu! Lakini kukimbilia kwa Mulwa kungekuwa kukiri kwamba niliishi na mtu bure, na hilo kinywa changu kilikataa. Kilichokuwa tayari kusema siku zote ni laana. Nimemlaani mume wangu sokoni, kisimani, hata kanisani wengine wakiomba mvua. Kumbe sikuwa na mume wa kulaani. Alinila ujana wangu, hilo ni kweli na sitamsamehe, lakini nusu ya karamu hiyo nilimwandalia mwenyewe.

Jumapili, kabla sijafika kwangu, nilipitia kwa Mulwa nikiwa miguu mitupu, nikamweleza yote. Nilingoja anitukane. Alicheka mpaka akashika nguzo ya ghala, kisha akauliza kama mbuzi wote watakuwa wanono.

Jumamosi wageni walitarajiwa saa nne. Mulwa alikuwa kwenye kiti saa moja asubuhi, amenyoa ndevu, akikataa chai na mkate asije akakutwa anatafuna.