Sehemu Isiyopigwa Dawa

Nataka kueleza habari ya mstari mmoja uliochapishwa katika jarida la kisayansi la Ulaya. Uliniudhi siku nilipousoma na bado unaniudhi, ingawa nimestaafu na viazi vyangu sasa ni vya kupika tu.

Miaka ya sabini ilipoanza nilikuwa mtafiti mdogo katika kituo cha kilimo nje kidogo ya mji wa Nyeri. Nilikuwa mwanamke peke yangu kati ya watafiti, na mgeni juu ya hayo, maana kwetu ni magharibi na Kigikuyu changu kilikuwa kinaishia kwenye salamu. Kazi yangu ilikuwa viazi. Upande wa Kieni, baridi ya mlima ikishuka pamoja na mvua, ugonjwa wa ukungu huingia kwenye majani ya viazi na shamba zima hugeuka jeusi kabla mtu hajajua la kufanya. Tulikuwa tumepata dawa mpya, nami nikataka kujua kama ingemfaa mkulima wa kawaida, yule anayeazima pampu ya mgongoni kwa jirani.

Sasa, ili ujue dawa imefanya kazi, lazima uache sehemu moja ya shamba bila dawa, ndipo ulinganishe. Kwenye karatasi ni jambo dogo sana. Lakini nenda ukamwambie mwanamke wa Kieni aache mistari kadhaa ya viazi vyake ife, tena vikiwa karibu na barabara, tena dawa ikiwa imebaki kwenye pampu. Nilikuwa na mashamba manne ya majaribio, na la nne lilikuwa la mjane mmoja karibu na Chaka. Nilimwita cucu, kama wajukuu wake walivyomwita bibi yao. Nilipomweleza nilichotaka, aliniuliza kama wazazi wangu hawalimi. Nilimbembeleza, akakubali. Tukapigilia vijiti vyeupe kuzunguka ile sehemu, na akaniambia wazi kwamba nikimtia aibu mbele ya watu, hatanisamehe.

Aibu ilikuja mapema. Waliokuwa wakienda sokoni walipita pale, wakaona majani yameanza kuwa na madoa, wakasema mama huyu amezeeka, shamba limemshinda. Cucu alivumilia. Alikuwa ameshika jambo langu kama la kwake, akawa anawafukuza hata wajukuu wasikanyage ndani ya vijiti.

Kisha akaugua kifua na kulazwa Nyeri. Majirani zake hawakungoja kuombwa. Huko wana desturi ya ngwatio, wanawake wanakusanyika na majembe yao na kumaliza kazi ya mmoja kwa siku moja, leo kwako, kesho kwangu. Waliingia kwenye shamba la mgonjwa, wakapalilia, wakainulia viazi udongo, wakaazima pampu, wakapiga dawa kila jani waliloliona. Sehemu yangu waliihurumia kuliko zote, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na hali mbaya. Waliipiga dawa mara mbili.

Nilipofika na kukuta vijiti havipo na majani yamenyooka, nilifoka. Nilisema maneno mengi kuhusu sayansi, wakanisikiliza wakiwa wameegemea majembe. Nilipokwisha, aliyekuwa mkubwa wao akaniuliza swali moja tu.

"Sasa ulitaka tumuachie hiyo, atoke hosipitari apate shamba imekufa?"

Niliondoka na hasira yangu, lakini kabla sijafika Nyeri nilikuwa nimeanza kujicheka. Ni mimi niliyetoka chuoni kuja kuwafundisha watu hawa kutazama viazi vya mgonjwa vikiungua. Yaliyotokea yalipaswa kutarajiwa, na mtu yeyote atakayefanya majaribio ya namna hii katika sehemu kama hii anapaswa kuyajua kabla ya kupigilia vijiti.

Cucu alipotoka hospitalini alikuwa ameshaambiwa yote. Hakuniomba msamaha, wala sikutaka aombe. Aliuliza kama kazi yangu imeharibika, nikamwambia shamba lake halitahesabiwa pamoja na yale matatu, lakini litatajwa katika makala.

"Kama ni kuandikwa, andika wale walikuja," akasema. "Nilikuwa mgonjwa na wakakuja. Usiache hiyo."

Nikamwahidi.

Kuandaa makala siku zile kulikuwa adhabu. Jarida lilitaka nakala tatu, nafasi mbili kati ya mistari, pambizo pana kiasi cha kulisha ng'ombe, majedwali kwenye karatasi za peke yake na michoro kwa wino mweusi usiofutika. Mpiga taipu wetu aliweka karatasi na kaboni, moja juu ya nyingine, na kosa moja katika nakala ya kwanza lilikuwa kosa katika zote. Nilichora majani ya viazi mpaka nikayaota. Jina la mkuu wa kituo likatangulia langu, kwa sababu hakuna karatasi iliyotoka pale bila jina lake kutangulia, hata kama shamba hakulikanyaga. Hilo nililimeza. Katika sehemu ya mbinu niliandika kwamba shamba la nne halikuhesabiwa, kwa kuwa majirani walikuja kwa ngwatio wakati mwenye shamba alipolazwa, wakapiga dawa sehemu ya kulinganisha. Nilipeleka bahasha posta mimi mwenyewe, nikasimama pale dirishani mpaka muhuri ulipogongwa.

Majibu yalichukua miezi. Msomaji wao mmoja, kati ya wawili waliopewa kuipima makala, aliuliza kama viazi vilipandwa majira ya kuchipua au majira ya kupukutika kwa majani. Mtu huyu alikuwa anahukumu kazi iliyofanywa chini ya mlima ulio karibu kabisa na mstari wa ikweta, na hakuwa amejisumbua kufungua ramani. Nilimjibu kwa adabu, nikamweleza mvua zetu za masika na za vuli. Wa pili alisema sentensi ya majirani si ya kisayansi, iondolewe, iandikwe tu kwamba sehemu hiyo ilipotea.

Ilipotea? Ilipotelea wapi? Viazi havikuibwa wala havikuliwa na tembo. Vilitunzwa kuliko viazi vyovyote vya kituo chetu, ambako tulikuwa tunalipwa mshahara kuvitunza. Mkuu alinishauri nikubali, yaishe, kwani alikuwa na mkutano wa kwenda na alitaka makala itoke kabla yake. Nilikataa. Niliandika ukurasa mzima wa kuitetea sentensi ile, nikasema ndiyo matokeo ya pekee katika makala yote ambayo hawawezi kuyapata Ulaya, nikautuma pamoja na masahihisho mengine.

Kisha nikaenda likizo kwetu. Nikiwa huko, kurasa za makala zilizokwisha kupangwa chapa zikafika Nyeri kwa ajili ya kuhakikiwa, na zilitakiwa kurudi upesi. Zilitumwa kwa jina lililotangulia langu, na mwenye jina hilo akazihakiki.

Jarida lilipowasili, mkuu alinikabidhi akitabasamu, akaagiza chai kwa ofisi nzima. Niliruka michoro yangu, nikaruka jina langu, nikaenda moja kwa moja kwenye mbinu. Iliandikwa kwamba shamba la nne lilipotea kwa uzembe wa mkulima.

Nilimuuliza mkuu nani ameandika neno lile. Akasema ni yeye, kwamba mhariri alitaka sababu fupi, na hiyo ndiyo sababu inayoeleweka kila mahali. Nilimwambia ni uongo. Akanitazama kama mtoto anayelilia kitu kisicho na maana.

"Madam, nani huko Chaka atasoma jarida la Ulaya?"

Miaka yote hii nimekutana na watu wengi waliosoma sana, lakini sijasikia sentensi chafu kuliko hiyo, na aliitamka huku akikoroga sukari. Kwa kuwa hatasoma, basi mwite mzembe. Niliiacha chai yangu pale. Nilimwandikia mhariri kutaka kosa lisahihishwe katika toleo lililofuata. Alijibu kwa heshima nyingi kwamba jambo hilo halibadilishi matokeo, kwa hiyo hakuna haja.

Aliyesoma jarida hilo Chaka ni mimi. Ahadi ni ahadi, na cucu alikuwa akiniulizia kwa kila ofisa aliyepita. Nilimkuta amefagia uwanja na kuwaita wale wanawake wa ngwatio, wamekaa kwenye magunia na leso zao safi za kanisani, wakingoja kusikia walivyoandikwa. Nilitaka ardhi ipasuke. Ningeweza kuwasomea nilichoandika mwanzo, nani angejua? Lakini hapo ningekuwa nimefanya kama mkuu, nimeamua kwamba wao si watu wa kuambiwa kweli. Nikawasomea kama ilivyochapishwa, nikigeuza kwa Kiswahili, nikawaambia nani aliandika na kwamba nilipinga.

Cucu aliwatafsiria wale wasiosikia Kiswahili vizuri. Mmoja alianza kukunja gunia lake.

"Hao watu wa kitabu, walikuja hapa?" cucu akaniuliza.

Nikasema hawakuja.

"Na mkubwa yako?"

Hakuja.

"Ni wewe ulikuja. Basi andika tena."

Akainuka, akaenda chini ya ghala la mahindi, akarudi na vijiti vyangu vyeupe. Wanawake walikuwa wamevifuta udongo siku ile ya ngwatio na kuvifunga pamoja kwa kamba ya mkonge, kwa sababu ni mali ya serikali na mgeni angevihitaji. Nami nilikuwa nimedhani wamevitia jikoni. Akanikabidhi fungu zima, hakuna kilichopungua.

Nilijaribu kuandika tena, katika makala mbili zilizofuata, na mara zote mbili kuna mtu aliyekata. Leo hakuna mkuu wala mhariri juu yangu. Cucu ameshazikwa, na barabara ile imepanuliwa mpaka kwenye viazi vyake. Shamba la nne, karibu na Chaka, halikupotea. Mwenyewe alikuwa mgonjwa, na wakaja.