Kambale wa Avoka

Mwezi uliopita nilipanda pikipiki katikati ya Butembo, nikamwambia dereva anipeleke juu, kwa Kambale wa Avoka. Alikuwa kijana ambaye hakuwa amezaliwa wakati wa mambo ninayotaka kukueleza. Aligeuza shingo akaniuliza, "Mama, ule avoka anafanyaka kazi ku tribinali gani? Niko na kesi ya parseli, kile kiwanja yetu."

Nilicheka. Tulipoanza kupanda kilima, kicheko kikaniisha.

Kwetu avoka ni maneno mawili. Ni tunda lile la kijani ambalo wengine huliita parachichi, na pia ni wakili. Yote mawili tuliyapokea kutoka Kifaransa, na kwa kawaida hayagongani: moja hukaa sahanini, lingine hukaa mahakamani. Siku moja yaligongana kwenye kilima chetu, na baba yangu alikuwa katikati.

Kama ulikijua kilima kile zamani, leo hungekitambua. Tulipohamia, mimi nikiwa sijaanza shule, mji uliishia chini yetu. Juu kulikuwa na mikalitusi iliyopandwa kwa ajili ya kuni na nguzo, mashamba ya maharagi na njia moja nyekundu. Kisha vita ikaanza kutuletea majirani. Walitoka vijiji vya Lubero, walitoka Kayna. Familia moja ilitoka Kyavinyonge na nyavu zake za kuvulia, ikawazungushia kuku wake. Kila mmoja alipata kipande chake, akachimba udongo palepale, akafyatua matofali, akayachoma, na shimo lililobaki akalipanda migomba. Kila mvua iliyopita ilikuta mabati mapya kati ya majani.

Hakukuwa na ukuta hata mmoja. Mpaka ulikuwa ua wa miti, na ua ulikuwa na tundu ambalo watoto na kuku walipita bila kuomba ruhusa. Asubuhi ukungu ulikaa kati ya mikalitusi mpaka kengele ya parokia ilipolia mara ya pili. Kazi yangu kabla ya shule ilikuwa kufagia majani. Hadi leo, nikisikia fagio la vijiti likikwaruza udongo mbichi, ninasikia pia maharagi yakichemka na Mukaka akikohoa jikoni. Mukaka ndivyo tunavyomwita bibi. Alikuwa mama wa baba, mfupi, mwenye mazoea ya kuuliza jambo lolote mara mbili kabla ya kulikubali.

Desturi yetu ya majina ndiyo iliyotuletea tabu. Mtoto wa kiume wa pili ni Kambale, katika kila nyumba, kama mimi, binti wa pili, nilivyo Kavira. Kijijini hilo halisumbui, kwa sababu watu wanajuana kwa ukoo. Kwenye kilima cha wageni, kila Kambale alihitaji mkia. Nyumba hazikuwa na namba, njia hazikuwa na majina, basi tuliazima majina kwenye miti. Kulikuwa na Kambale wa Migomba na Kambale wa Kalitusi. Baba yangu, aliyepanda mti wa avoka kabla ya kujenga hata jiko, akaitwa Kambale wa Avoka. Baadaye miti mingine minne ya avoka ilikua kwenye njia yetu, mmoja wao kwa mwalimu wangu, jirani wa upande wa juu, ambaye naye alikuwa Kambale. Lakini jina lilikuwa limekwisha kushika kwa baba.

Baba alipeleka chumvi Kyavinyonge kwa baiskeli na kurudi na samaki. Barabara ile ilipita kwenye pori, na porini kulikuwa na vijana wenye silaha waliopigana na askari waliotawala mji wakati huo. Mtu fulani alisema kwamba Kambale wa Avoka anawapelekea wale vijana chumvi. Kama ni kweli, sijui hadi leo. Mtu aliyebeba chumvi, akikutana na bunduki kwenye kona, hana majibu mengi.

Habari ilitufikia asubuhi, siku ya mapumziko ya shule. Jirani aliyepika kasikisi, ile pombe ya ndizi, alikuja na kigae mkononi kama mtu anayeomba moto. Askari walikuwa wamekunywa kwake jana yake. Alichutama karibu na mafiga, akamwambia Mukaka bila kuinua uso:

"Leo, kisha saa sita, batapanda huku. Bako na karatasi. Banatafuta Kambale wa Avoka."

Baba alikwenda kuchukua koti lake. Njia zote mbili za kushuka zilikuwa na kizuizi cha askari, na kila mtu alijua hivyo.

"Weka iyo koti," Mukaka alimwambia. "Mwanaume mwenye anakimbia, amekwisha kujitaja."

Kisha akatoka nje, akasimama mbele ya mti. Nilimfuata na fagio langu. Ulikuwa umebeba sana mwaka ule. Matawi ya chini yaliegemea kwenye miti ya kushikizia. Aliniambia nikamwite mwalimu, na wale wengine watatu wenye miti ya avoka.

Mwalimu ndiye aliyekataa kuukata mti wake. Alimsikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, kama anavyosikiliza mtoto akisoma, akasema kwamba yeye analipwa na serikali, watu wanamjua, na mti wake hauhusiki na chumvi ya mtu.

"Mwalimu," Mukaka akamwuliza, "jina lako ni nani?"

"Mukaka, unajua."

"Na mbele ya nyumba yako kuko muti gani?"

Mukaka akaendelea kwa sauti ileile: "Kama yangu inaanguka peke yake, ni yako ndiyo itakuita Kambale wa Avoka."

Mwalimu aliutazama mti wake juu ya ua. Alipofungua mdomo ilikuwa ni kwa mzaha wa uchungu, ule wa mtu aliyeshindwa. Alisema ingekuwa heri wangetafuta avoka wa tribinali, yule mwenye joho jeusi. Huyo angalau anajua kujitetea.

"Avoka gani ule?" Mukaka aliuliza. Hakuwahi kusoma. Kwake neno lile lilikuwa tunda tu.

Mwalimu akamweleza.

"Neno moja?"

"Neno moja, Mukaka. Mpaka maandiko yake ni moja."

"Moja kabisa?"

"Kabisa."

"Basi tukate yote," Mukaka akasema. "Muti ikiisha, itabakia mutu."

Sikuelewa. Nilikuwa na miaka tisa, nilielewa shoka tu. Miti ilikuwa michanga, minene kama paja la mtu mzima, na ilianguka upesi kuliko nilivyotaka. Baada ya kukata, kulikuwa na kazi ya kuficha. Magogo yalipasuliwa na kupangwa chini ya kuni za kalitusi. Visiki vilichimbuliwa kuzunguka, vikakatwa chini ya usawa wa udongo. Juu ya chetu tulipanda mgomba, juu ya vingine tukapanga matofali mabichi. Majani ndiyo yalikuwa shida: mabichi hayaungui bila moshi, na mbuzi akiyala anakufa. Yalitupwa kwenye shimo la udongo la mwalimu, maji yakamwagwa, na wanaume tisa wakaingia, suruali zimekunjwa, wakaanza kukanyaga kama watu wanaotengeneza tofali. Matunda yalikuwa bado magumu. Mukaka na mimi tuliyatia kwenye magunia, juu yake tukaweka maharagi, kina cha mkono mmoja hivi. Hatukuwa na maharagi ya kutosha kuongeza.

Kitu kimoja hakikufichika. Jani la avoka likipondwa lina harufu yake, tamu kidogo, kama dawa ya kikohozi. Njia nzima ilinuka hivyo.

Walifika askari sita, pamoja na shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu, aliyetembea mbele akitazama miguu yake. Mmoja wao, mwenye miwani, alishika karatasi. Mkubwa wao alisema Kiswahili cha mbali. Alisimama ukingoni mwa shimo, akauliza nani hapa ni Kambale.

Mikono minne ilipanda. Wa baba ulikuwa wa pili.

Mkubwa aliwatazama mmoja mmoja. "Mnanichezea?"

"Hapana, mukubwa," baba akasema. "Ni namba ya kuzaliwa. Mutoto wa pili, ni Kambale tu. Hata kule ngambo utabapata."

Askari mmoja alicheka, akanyamaza alipoona mkubwa hacheki. Mimi nilikuwa nimekaa na Mukaka kwenye mkeka, tukichambua maharagi kando ya gunia lililo wazi. Askari yule aliyecheka alikuja kwetu, akaliegemea gunia, akauliza nini hii. Mukaka akamwambia maharagi. Akaingiza mkono. Niliona maharagi yakipanda kwenye kifundo chake. Alitoa konzi moja, akaitia kwenye kofia, akaingiza mkono tena, akatoa ya pili. Kisha mkubwa akamwita. Ninakumbuka sehemu ya mkono wake iliyokuwa na vumbi la maharagi. Ilifika chini kidogo ya kiwiko.

"Kambale wa Avoka ni nani?" mkubwa akauliza shimo zima.

Miguu iliacha kukanyaga. Mukaka ndiye aliyejibu kutoka mkekani, bila kuacha kazi yake ya mikono.

"Avoka? Mwana wangu, maavoka banakaa chini mu ville, karibu na tribinali. Huku tuko batu ya jembe. Nani wa hapa alishawahi hata kumuona avoka?"

Mkubwa alimgeukia yule mwenye miwani. Yule akainua karatasi karibu na uso, akasoma, akasoma tena. "Ni kweli, afande. Imeandikwa avocat."

Mkubwa aliangalia kilima. Kulikuwa na mikalitusi, migomba, ua, matofali. Alivuta hewa puani, na nikafikiri sasa amenusa, lakini alikuwa na mafua tu, alipenga, akageuka. Wakashuka wote, kuelekea tribinali. Shefu wa avenyu alibaki nyuma hatua chache, akautazama mgomba wetu uliopandwa mchana wa jua kali, akawafuata.

Nilitazama shimo nikitegemea furaha. Wanaume walikuwa wametulia. Mwalimu alikuwa ameinamisha uso, tope magotini, na nilidhani analilia mti wake.

Mama, aliyekuwa amekwenda kwa dada yake huko Beu, Beni, alirudi siku ya tatu, akaipita nyumba yake mwenyewe. Alitafuta mti kwa mbali, hakuuona, akafika mpaka kwa wale majirani wa Kyavinyonge ndipo akageuka. Tulimcheka sana. Wiki ile magunia yaliiva yote kwa pamoja. Nyumba tano zilikula avoka asubuhi na jioni, milango imefungwa, kwa chumvi na muhogo wa moto, na sisi watoto tulikatazwa kutoka nje kabla ya kufuta midomo. Kokwa nilizitupa chooni mwenyewe. Sijawahi tena kula avoka tamu kama zile, na sipendi kwamba ni hivyo.

Tangu wakati huo, kwenye sala ya jioni, Mukaka alipomaliza kututaja wote, aliongeza: "Na ule Kambale mwingine." Nilidhani anamsema mwalimu. Mwalimu naye, kila alipomsikia, alisema amina kabla yetu.

Amani ilipokuja kidogo, jina la baba lilibaki bila mti. Watu wapya waliendelea kujaa kilimani, wakasikia kwamba kuna avoka, wakaanza kuja na karatasi zao za mipaka. Baba aliona haya kuwafukuza. Nilikuwa nimeacha shule baada ya mwaka wa sita. Nilinunua kamusi ya Kifaransa iliyokosa herufi ya mwisho, nikaanza kuwasomea karatasi zao, na nimeendelea hivyo. Ndivyo nilivyofika siku moja kwenye ofisi ya mahakama kwa ajili ya mjane fulani, nikamkuta karani mzee, na swali likanitoka: je, miaka ile ya vita kulikuwa hapa na avoka aitwaye Kambale?

"Kambale? Balikuwa batatu," akasema, akaanza kunihesabia kwa vidole. Wa kwanza alihamia Kampala. Wa pili yuko Beni mpaka sasa, mzee. Kwenye kidole cha tatu alisimama, akaniangalia juu ya miwani, akauliza ninamtafutia nini.

Nilimwambia nilikuwa nauliza tu. Nikachukua karatasi za mjane nikatoka.

Leo kilima kina kuta zenye vipande vya chupa juu, namba za rangi nyeupe kwenye mageti, na mikalitusi imekwisha kuwa nguzo za nyumba za watu. Hakuna tundu la kupita kuku. Mukaka amelala parokiani, mwalimu pia, na baba alikufa kitandani mwake, akiwa mzee, akilalamika kwamba uji ni mwepesi. Mgomba juu ya kisiki umezaa wajukuu wake. Hakuna aliyepanda tena avoka kwenye njia ile, na hatukuwahi kukubaliana hivyo.

Kijana wa pikipiki alizima mashine mbele ya geti letu, akatazama ndani kwa heshima, akitafuta labda kibao cha ofisi.

"Ule avoka iko, mama?"

"Alikufa," nikamwambia.

Akasema pole. Nilipokea pole yake, nikasimama pale na kofia ya pikipiki mikononi, bila kujua ni Kambale yupi niliyekuwa nimemsema.