Magadi ya Bibi

Jirani amebandika makande ya magadi, na harufu imeingia mpaka jikoni kwangu, ambako siku hizi tunapika bila chumvi wala magadi. Muuguzi amenionya kwamba kwa moyo wa mume wangu vyote viwili ni sumu ileile.

Kule Karatu, bibi yangu alivimba miguu. Nikiibonyeza kwa kidole shimo lilibaki, nami nilipenda kulitazama likijaa taratibu. Alilala ameegemea gunia la ngano, maana akilala chali alikosa pumzi. Mganga wa zahanati alisema moyo wake umechoka kusukuma damu, asionje chumvi tena. Tulitii, kopo la chumvi likahamia kwa shangazi.

Bibi akaanza kurudisha sahani. "Mjukuu wangu, hiki chakula kimepooza."

Basi nikatwanga magadi yaliyoletwa na punda kutoka Malambo, nikayakoroga kwenye makande yake. Alikula yote, akalamba vidole, akanivuta kifuani. Nikausikia moyo wake ukienda mbio.

"Nyumba hii nzima," akasema akihema, "wewe ndiye unayenipenda."

Kesho yake nikatia vijiko viwili.