Nilipanga foleni na wajawazito ili nipimwe mishipa ya nguvu za kiume

Wakuu, salaam. Hii ni yangu mwenyewe, siyo ya "rafiki yangu". Chekeni, ila msome mpaka mwisho.

Nanunua dhahabu kwenye machimbo ya Salamabila, nyumbani ni Kasongo. Kila nikirudi, kitandani siwezi kitu. Nikanywa mizizi ya kila aina, wapi!

Mke wangu akafunga nguo zake arudi kwao Wamaza. "Nguvu unaziachaka kwa wanamuke ya kule kwenye zahabu. Mimi nimechoka."

Jamani, sikuwa na mwanamke yeyote. Iliniuma sana. Nikamwomba twende wote hospitali kabla hajaondoka.

Daktari akaniuliza kama asubuhi huwa inasimama yenyewe. Nikamjibu: mara chache, tena legelege. Akasema swali hilo husaidia kujua kama shida ni mawazo au mwili, lakini halionyeshi damu imekwama wapi.

Akaendelea: ipo sindano ya kuisimamisha. Peke yake hudanganya, maana ukiogopa inagoma hata kama mishipa ni mizima. Ipo pia picha ya mishipa kwa dawa ya rangi, ila hiyo ni ya miji mikubwa, hasa kwa wanaoandaliwa kupasuliwa.

Mimi akanichagulia sindano pamoja na ekografi ya Dopla, mashine ya mawimbi ya sauti inayoonyesha damu ikiingia na ikitoka.

Sasa ekografi ni ile ile ya wajawazito! Tukakaa nao benchi moja. Mama mmoja akamgeukia mke wangu: "Hongera mama, iko miezi ngapi?"

Mke wangu akanitazama, akaangua kicheko. Nilikuwa nimekisahau kicheko hicho.

Tukaingia wote wawili, nikachomwa (inauma kidogo, aibu ndiyo kubwa). Ikasimama nusu. Mashine ikatoa mlio wa damu, shu... shu... dhaifu.

Mke wangu aliwahi kusikia moyo wa binti yetu Feza kwenye mashine kama hiyo, akiwa tumboni. Akauliza taratibu: "Baba Feza, ni hii tu? Ya mutoto ilikuwa na nguvu kuliko hii."

Daktari akamweleza kwamba mishipa ya kuingiza damu imeanza kuziba. Akaniuliza kama kifua hubana nikipanda mlima. Hubana. Akasema mishipa ya huko chini ni myembamba, mara nyingi hutangulia kuziba kabla ya ile ya moyo.

Nikapimwa moyo, nikakutwa na presha ya juu; nikaanza dawa, sigara nikaacha.

Tulipofika nyumbani, mke wangu akafungua ule mzigo wa nguo. "Mimi nilikuwa naogopa wanamuke ya Salamabila. Kumbe nilikuwa karibu kubakia mujane."

Wakuu, kabla ya mizizi, pima mishipa. Na nenda na mkeo, asikie mwenyewe. Waliowahi kupimwa, ninyi mlipimwa kwa njia gani?

Nguvu zinarudi polepole. Mke yupo.