Siwezi Kulilia Jiko la Kuku

Shule niliacha darasa la tatu, lakini kukandika nyumba najua, na mdomo ninao. Hivyo viwili ndivyo vilinifanya nijulikane.

Mjukuu wangu anauza mitumba Tuwan, kule Kitale, na jioni anajirekodi kwa simu akichekesha watu. Msichana mrembo, amenifanana. Siku moja alikuja kwangu hapa Bungoma akatukuta wamama tukikanyaga udongo. Akasimama kando na viatu vyeupe. Nikamrushia donge. "Wewe, hiyo miguu ni ya picha ama ya kazi?"

Kumbe simu ilikuwa inarekodi. Ikaenda kila mahali. Dada yangu anayeishi mji wa Kwanza, mbele ya Kitale, alinipigia akicheka mpaka anakohoa.

Haukupita muda, mjukuu akapiga simu. Watu wa televisheni wanakuja Ijumaa, wananitaka mimi. Wakifurahi, yeye naye watampa kipindi chake. Aliongea haraka haraka, hata hakuniuliza kama nimekula.

Ijumaa hiyo tulikuwa na kazi kwa jirani yangu, mjane. Kesho yake wakwe walikuwa wanakuja kuongea mambo ya binti yake, na wakwe huwezi kuwakalisha kwa nyumba yenye nyufa. Udongo wa chini ulikuwa umekauka. Ulibaki ule wa mwisho, wa mavi ya ng'ombe na majivu. Ukianza ukuta na huo, unaumaliza siku hiyo hiyo. Ukiachia katikati, kesho panaonekana kama kovu, na hapo ndipo panabanduka kwanza.

Walifika tukiwa tumeanza, wanaume wawili na kamera, mjukuu wangu akiwaongoza. Nilikuwa nimevaa kitenge cha kanisa. Sitadanganya, nilitaka kuonekana. Yule mkubwa wao akaniangalia juu mpaka chini.

"Shosho, huna nguo imechanika?"

"Iliyochanika napangusia meza."

Akanipeleka kwa jiko la zamani la jirani, limeinama, siku hizi mnalala kuku. Ati niketi mlangoni nilie kidogo, niseme ndiyo nyumba yangu, mvua inaninyeshea humo.

Mimi niko na nyumba ya mabati, nimeijenga na mahindi yangu. Inang'aa mpaka barabarani. Nikamwambia, "Nikilia hapa, hawa kuku wataniuliza nani amekufa."

Wamama wakacheka. Yeye hakucheka. "Shosho, Kenya nzima itakujua."

"Itamjua nani? Huyo wa jiko? Huyo si mimi. Na huku nyanya tunamwita kukhu, shosho ni wa kwenu. Nirekodi nikipaka ukuta."

"Hiyo watu washaiona."

Mjukuu akanivuta kando. "Kukhu, tafadhali, ni dakika kidogo tu. Nitauza mitumba mpaka lini?"

Machozi yalikuwa karibu. Iliniuma, bana. Huyu nimembeba kwa huu mgongo. Nikamwambia, "Ukuta ukiachiwa katikati, huyu mama ataaibika kesho mbele ya wakwe. Wewe nikasirikie tu. Mimi narudi kwa kazi."

Nikakunja kitenge, nikaingiza mikono kwa ndoo. Nyuma yangu nikamsikia yule mwanaume akimwambia mjukuu wangu, "Basi keti wewe. Sema ndiko ulilelewa. Tena wewe ndiyo utapendeza zaidi."

Sikugeuka. Nilipaka mahali pamoja tu, pamoja tu, kama mjinga.

"Mimi nililelewa kwa mabati," mjukuu akasema. "Ile pale inang'aa."

Halafu mkono wenye kucha ndefu nyekundu ukaingia kwa ndoo yangu. "Kukhu, sogea."

Wale waliondoka hata chai hawakukunywa. Sisi tukamaliza ukuta kabla jua liingie. Mjukuu alipaka vibaya, zile kucha zikichora mistari kila mahali, lakini hakukuwa na muda wa kurudia.

Jumamosi mama mkwe akapitisha mkono ukutani. "Haya maua nani amechora?" Jirani akamwonyesha mjukuu wangu.

Kipindi hakikuja. Bado anauza mitumba, na kuna siku ananiambia inamuuma. Simbishii. Lakini kukiwa na nyumba ya kukandika huku, wamama hawaniulizi tena kama mimi nitakuja. Wanauliza kama yule wa kucha atakuja.