Samaki Mfu na Kiti cha Dirishani

Asubuhi hiyo nilitoka chumbani kwangu mtaa wa Manyatta bila mpango wowote. Shule nilikuwa nimeiacha mapema, kisha nikaacha gereji, duka la mikate na kazi ya kupaka mashua rangi. Hakuna kazi iliyokuwa imenishika hata miezi mitatu. Nilitembea tu hadi mjini Kisumu, nikapita nyuma ya maduka, na kupitia dirisha moja nikamwona mzee ameinamia kibao cha shaba. Chini ya mkono wake alikuwa akitokea kiboko. Hapakuwa na wino wala rangi, lakini ngozi ya mnyama yule ilionekana imelowa. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi.

“Wanaochungulia hivyo ni wawili, askari na mwizi,” mzee akasema bila kuinua kichwa. “Wewe ni nani kati yao?”

Nikamwambia sina kazi.

“Basi ingia ufagie.”

Hiyo ndiyo iliyokuwa siku yangu ya kwanza. Mzee huyo sisi wafanyakazi wake tulimwita Fundi Mkuu. Alitoka upande wa Nyeri, na alikuwa amekaa Kisumu hadi akawa anatania wateja kwa Dholuo, lugha ya wenyeji. Karakana yake iliandika majina kwenye vikombe vya michezo na vibao vya milango, lakini sifa yake ilikuwa wanyama.

Wanyama hawachorwi kama herufi. Unashika kalamu ya chuma, ncha yake imenolewa kuliko sindano, na mpini wake wa mbao umekaa kiganjani. Kibao unakilaza juu ya kifuko cha ngozi kilichojaa mchanga, ili ukizungushe badala ya kuzungusha mkono. Mistari myembamba hufanya manyoya. Nukta zikikaribiana huwa kivuli, zikiachana huwa mwanga, na pale usipogusa kabisa shaba yenyewe hung’aa. Ukishadunga, hufuti. Nilidunga mabaki ya shaba mwaka mzima, na kwa mara ya kwanza maishani sikutamani kwenda popote.

Nilitamani kiti kimoja tu. Mwanga mzuri ulikuwa dirishani, na aliyeketi pale ndiye aliyechora wanyama. Sisi wa herufi tulikaa ndani.

Siku moja wauza samaki wakaagiza kibao chenye samaki aina ya ngege, zawadi ya mwenyekiti wa ufuo wao aliyekuwa anastaafu. Fundi Mkuu akanikabidhi kazi hiyo. Akasema ikitoka vizuri nitahamia dirishani. Ikiharibika, nirudi kwenye herufi na nisimsumbue tena.

Nilinunua ngege mnono sokoni, nikamlaza mezani. Nilimchora siku mbili, gamba kwa gamba, hadi wenzangu wakatishia kunitupa nje pamoja naye. Nilijua nimeshinda.

Mama aliyekuja kuchukua kibao alikitazama kwa muda mrefu. “Kazi ni safi,” akasema. “Lakini huyu amekufa.”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanionyesha pezi la mgongoni lililolala, na jicho nililolijaza nukta mpaka likawa shimo.

“Mimi nauza waliokufa kila siku, mwanangu. Mzee wetu aliwavua wakiwa hai.”

Fundi Mkuu akakichukua kibao, akakigeuzageuza. “Umechora soko,” akaniambia. “Nenda ziwani.” Akamwomba yule mama siku nne, akanipa kibao kingine.

Kesho yake nilikuwa ufuoni Luanda Kotieno. Mvuvi mmoja aliniwekea ngege mzima kwenye beseni la maji, akaniita daktari wa samaki, akaenda zake akicheka. Nilipopeleka kidole, pezi lilisimama ghafla, miiba yote juu. Na ndani ya jicho kulikuwa na tone la mwanga, dogo kama punje ya mchanga, ambalo halikutoka hata samaki alipogeuka. Nilipiga kelele peke yangu ufuoni. Punje ile sikupaswa kuichora. Nilipaswa kuiacha.

Nikaiacha. Yule mama aliporudi, alipeleka kidole gumba kwenye pezi, kisha akakirudisha haraka kama aliyechomwa. Fundi Mkuu akainuka, akachukua kifuko changu cha mchanga, akakiweka dirishani.

“Hama,” akasema.

Nilikaa dirishani miaka mingi, chini ya Fundi Mkuu, kisha chini ya mwanawe karakana ilipohamia Nyamasaria. Nilichora korongo kwenye migongo ya saa, chui kwenye visu, na viboko nisiokumbuka idadi yao. Kwa vijana mnaoanza nasema hivi: jicho la mnyama lianze kabla ya mwili, na mkamtazame akiwa hai.

Mwaka huu macho yangu yalianza kuona nukta mbili penye moja, nikakiacha kiti. Asubuhi iliyofuata nilitoka bila mpango wowote. Feri ya Luanda Kotieno ilinishusha Mbita, ng’ambo ya maji, nikaulizia chumba. Mwenye nyumba akataka kujua nitakaa siku ngapi.

“Sijui, Mama. Dirisha linatazama wapi?”

“Ziwani, Baba. Viboko wanakuja hapo karibu.”

Nikaweka mfuko chini, nikavuta kiti.